Baketifulu Makumi Tatu

Mwalimu wenu aliniomba nije darasani niwazungumzie kazi ya sementi. Nilimjibu kwamba magoti yangu yamekataa kupanda kile kilima cha shule, lakini mkono ungali unaandika. Basi someni, vijana wangu. Yule aliyezoea kusinzia nyuma asogee mbele. Simlaumu, mimi pia nilikaa nyuma.

Nimekuwa masoni, yaani mwashi, tangu ningali na meno yote. Nimejenga shule, makanisa, visima na madaraja, ao vilalo kama tunavyosema huku, kuanzia Sake kwenye mawe meusi ya volkano hadi Walikale ndani ya pori. Vingi vingali vimesimama. Kimoja kilianguka, lakini hicho sikukijenga mimi, na aliyekijenga amekwisha kufa, tumwache apumzike.

Watu huniuliza: Papa, katika kazi yako yote ni kitu gani kilikutesa zaidi? Wanangoja niseme jiwe, ao mvua, ao Muzungu. Mimi nawaambia ni neno. Neno moja la Kiingereza, ambalo nililipenda mno, na ambalo siku moja nusura lituharibie nguzo ya daraja na kunirudisha kwa baba yangu kulima mihogo.

Neno hilo lililetwa na Papa Zakaria. Alikuwa mkubwa wa masoni kwenye shantie, mahali petu pa ujenzi, mtu wa vilima vya juu ya Kibabi. Ujanani alikwenda Uganda kwa miguu, akafanya kazi ya ujenzi huko miaka mingi chini ya Waingereza. Aliporudi alileta mke, nyundo mbili, kofia ya kaki, na maneno ya Kiingereza kama makumi tatu hivi, ambayo aliyatumia kidogo kidogo kama mtu mwenye chumvi haba. Sisi wengine tulijua Kihunde, Kiswahili na Kifaransa cha kusalimia. Mbelgiji aliyetusimamia, tuliyemwita Bwana Metere, yaani Bwana Mita, kwa sababu ya ile rula ya kukunja iliyokuwa mfukoni mwake siku zote, alijua Kifaransa na Kiswahili cha kuamuru. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumsahihisha Zakaria. Akisema hivi njo Kiingereza, basi ndiyo Kiingereza.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na tatu, na mke nyumbani, na cheti cha shule ya misioni kilichosema najua kusoma, kuandika na hesabu. Nilikibeba kile cheti kifuani kama medali. Zakaria alikitazama, akakigeuza, akanirudishia.

"Muzuri," akasema. "Lete baketifulu moja ya muchanga."

Sikujua baketifulu ni nini, lakini niliona alikotazama. Nikakimbia, nikaleta ndoo. Tupu. Masoni wote wakacheka, mmoja akaketi chini kabisa.

"Hii njo baketi," akasema Zakaria. "Mie niliomba baketifulu."

Nikaenda nikaijaza mchanga mpaka ukafanya kilima juu, nikaileta nikiinama kwa uzito. Nilitegemea sifa. Yeye akaokota kipande cha ubao kilichonyooka, akakipitisha juu ya mdomo wa ndoo, na kile kilima changu chote kikaanguka chini.

"Hii ya juu ilikuwa ya nani?"

"Ni matabishi, Papa."

"Sementi haina matabishi."

Ninyi mnajua soko letu. Mama akikupimia maharage, anajaza chombo, halafu anaongeza kilima kidogo juu, halafu ukimwangalia kwa huruma anaongeza konzi moja tena. Hayo njo matabishi, na bila hayo hurudi kwake tena. Nilikuwa nimelelewa hivyo. Nilidhani kujaza sana ni kuonyesha moyo mwema.

Zakaria aliniketisha juu ya mfuko wa sementi, akanieleza mara moja tu, maana hakuwa mtu wa kurudia. "Sikia, Silivesta. Ndoo njo chombo. Baketifulu haiko chombo. Baketifulu njo kile kintu chenye kiko mu ndoo, kikijaa mupaka mu mudomo, hakizidi, hakipunguke. Niko na ndoo moja hapa. Nikisema baketifulu ine za kokoto, wee hauendi kutafuta ndoo ine. Unaenda na hii moja, mara ine. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Na kama nilitaka ndoo ine zenye zimejaa, zote zinasimama hapa mbele yangu kwa mara moja, kule Uganda hiyo iko na jina lingine. Ile mutajifunza siku mukikuwa matajiri wa ndoo."

Tangu siku hiyo kipimo chetu kilikuwa kimoja: baketifulu moja ya sementi, mbili za mchanga, nne za kokoto, zote za kupanguza kwa ubao. Mimi nikawa mtu wa kuhesabu. Nilisimama karibu na sahani ya mbao tuliyochanganyia, na kila ndoo iliyomwagwa niliitangaza kwa sauti kama shemasi: baketifulu moja! baketifulu mbili! Mke wangu aliniambia naota nikihesabu.

Acheni niwape mambo mawili matatu ya kazi hapa, kabla sijasahau. Mchanga wenye unyevu unadanganya. Unajivimbisha ndani ya ndoo, unakaa na hewa katikati, kwa hiyo ndoo ya mchanga uliolowa kidogo ina mchanga kidogo kuliko ndoo ya mchanga mkavu, ingawa zote mbili zimejaa sawasawa. Zakaria aliushika mchanga kila asubuhi, akaufinya, akasikiliza. Ukilia kama sukari, ni mzuri. Ukinyamaza na kuacha tope kiganjani, urudishe mtoni ukaoshwe. Na maji, vijana wangu, maji ni kidogo. Mwashi mvivu anaongeza maji ili beleshi lipite kwa urahisi, halafu nguzo yake inakuwa kama mkate wa jana. Finya zege mkononi: likisimama kama tonge la ugali na kuacha kiganja kikiwa kibichi tu, limetosha.

Sasa nije kwenye daraja.

Lilikuwa njia ya kutoka Masisi kwenda Walikale, pale vilima vinapoanza kuchoka na pori kuanza. Mto si mkubwa. Wakati wa kiangazi mtu anauvuka na suruali imekunjwa. Lakini mvua ikinyesha juu kwenye vilima, unashuka kama ng'ombe waliofunguliwa. Miaka yote watu walitupa magogo pale, na kila mwaka mto uliyachukua. Upande wa pili akina mama wa mafuta ya mawese walikuwa wakingoja siku mbili, tatu, maji yapungue. Wagonjwa waliobebwa kwenye machela walingoja nao. Mzee mmoja wa pale alituonyesha mahali ambapo dada yake alingoja na uchungu wa kuzaa, na hakuvuka. Nadhani siku ile ndipo kazi ilipoanza kweli.

Daraja lilihitaji nguzo tatu, na ile ya katikati ilisimama ndani ya maji. Tulizungusha ukuta wa miti na mifuko ya udongo, tukatoa maji ya ndani, tukachimba mpaka tukapata mwamba. Shimo lilikuwa refu kuliko mtu. Hapo chini ndipo tungemwaga mguu wa nguzo, kwa tabaka mbili, na tabaka ya pili lazima ifuate ya kwanza upesi.

Sementi yetu ilitosha tabaka ya kwanza peke yake. Iliyobaki ilikuwa kwenye depo kule Sake. Bwana Metere alikuwa amekwenda Walikale kwa shughuli zake za siku kadhaa. Zakaria akaniita na daftari yangu.

"Andika barua kwa kalani wa Sake. Mifuko kumi ya sementi, na iharakishwe. Alfonsi ataipeleka na kamio."

Hapa ndipo ninapotaka mnisome vizuri. Angalieni mtu anavyoharibikiwa kwa kujipenda. Yule kalani, Deo, nilimjua. Tulisoma naye misioni, yeye akiwa wa kwanza darasani na mimi nikiwa mahali fulani katikati. Alivaa suruali yenye mkunjo na kalamu sikioni. Nikasema moyoni: mifuko kumi, hata mtoto anaweza kuandika mifuko kumi. Nikapiga hesabu: mfuko mmoja unatoa baketifulu tatu. Kumi mara tatu ni makumi tatu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote:

Papa Zakaria anaomba upesi baketifulu makumi tatu za sementi. Zote ziwe kamili, isikosekane hata moja.

Nikaikunja. Sikumsomea Zakaria, naye hakujua kusoma. Alfonsi, shoferi wa kamio, lile lori letu, mtu wa kucheka na wa kupiga honi hata porini kusiko na mtu, akaitia barua kofiani akaondoka.

Siku iliyofuata asubuhi tulimwaga tabaka ya kwanza. Ilitoka nzuri. Tukaifunika kwa turubai na majani ya migomba, tukangoja. Kesho yake, kama saa ine ya asubuhi, tukasikia honi ya Alfonsi nyuma ya kona ya mwisho. Tukasimama wote na mabega tayari, kila mtu amejiwekea gunia kichwani kwa kubebea.

Kamio likasimama. Alfonsi akashuka, uso umevimba kwa usingizi, akafungua turubai.

Ndoo. Ndoo kubwa, ndoo ndogo, ndoo za mabati, moja ya rangi ya kijani, moja yenye mshikio wa kamba, zimepangwa moja ndani ya nyingine kama kofia dukani. Hakuna sementi hata ya kujaza kikombe.

"Makumi tatu," akasema Alfonsi. "Hesabuni. Deo amehesabu mara mbili."

Zakaria akatazama ndoo, akamtazama Alfonsi. "Sementi iko wapi?"

"Sementi iko Sake. Barua haikuomba sementi, Papa. Iliomba ndoo za kazi ya sementi. Deo hakujua lile neno, akaenda kuuliza muchuuzi mumoja mwenye alitembeaka Uganda. Ule akasema baketi njo ndoo, na fulu njo muzima, kamili. Deo akasema, basi njo vile, barua yenyewe inasema zikuwe kamili: banataka ndoo makumi tatu zenye hazina tundu. Unajua kazi tuliyofanya? Tulienda misioni, tulienda maduka yote, tulifika mupaka Shasha kwa bavuvi. Tuliingia mpaka Kibabi kuomba bamama. Na kila ndoo Deo aliijaza maji, akaitundika, akangoja kuona kama inavuja. Ya padri ilivuja. Tuliikataa!"

Alisema hivyo kwa fahari, masikini. Zakaria akauliza bila kugeuza kichwa, "Barua iliandika nini?"

Nikasogea mbele. "Ni mie, Papa. Niliandika baketifulu."

"Mie nilisema nini?"

"Mifuko."

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alienda akaketi kwenye jiwe, akavua ile kofia ya kaki, akaanza kuizungusha kati ya vidole. Kwenda Sake na kurudi ni siku mbili. Tabaka ya kwanza ilikuwa inakauka. Nilisimama pale kati ya ndoo nikifikiri namna nitakavyomweleza mke wangu, na namna nitakavyomweleza baba yangu, ambaye aliuza mbuzi nisome.

Hapo mama mmoja akapaza sauti kutoka ukingoni. Jina lake Mama Feza. Alikuwa mmoja wa wachuuzi wa mawese waliofika upande wetu asubuhi ile wakirudi kutoka sokoni na kukuta gogo la kuvukia limeteleza, wakaketi kungoja. "Nyie ba sementi! Angalieni maji yenu!"

Mto ulikuwa umebadilika rangi. Pale kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini juu kwenye vilima kulikuwa kweusi. Maji yalikuja na majani na povu, kwanza kiganja kimoja, halafu viwili. Ukuta wetu wa mifuko ulianza kutoa jasho, kisha kulia, kisha maji yakapita kati ya miti, yakaanguka shimoni juu ya turubai iliyofunika mguu wa nguzo. Zege la siku moja, vijana wangu, ni kama mtoto wa siku moja. Maji yakishajaa shimoni na kuanza kuzunguka, yanalilamba, yanaondoka na sementi na kuacha mawe. Tungelazimika kuvunja kila kitu na kuanza upya, na mvua kubwa zilikuwa zinakuja.

Zakaria alisimama. Aliitazama shantie nzima kwa haraka, na macho yake yakafika kwenye kamio.

"Ndoo!" akapiga kelele. "Shusheni ndoo!"

Sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Zakaria mwenyewe akashuka shimoni na masoni wanne, nami nikamfuata bila kuitwa. Tulichota na kupandisha, tulichota na kupandisha. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Kila mtu alijaza ndoo yake akapanda nayo, wakagongana kwenye ngazi, nusu ya maji ikaturudia vichwani. Mama Feza alitazama mambo yale kwa muda mfupi, akafunga kitenge chake vizuri.

"Nyie banaume hamujui kubeba maji," akasema. "Tokeni mu njia."

Akawaita wenzake. Akatupanga mstari mmoja wa ndoo zilizojaa, kupanda, na mstari mwingine wa ndoo tupu, kushuka, mkono kwa mkono, hakuna mtu wa kutembea. Akina mama kumi na watatu, masoni, vibarua, Alfonsi na usingizi wake, na bwana mmoja mwenye koti aliyekuwa safarini tu kwenda harusini. Koti alilivua. Mama Feza akaanza wimbo wa kutwanga, wenye mdundo wa mikono miwili, na ndoo zikaanza kwenda na wimbo. Hakuna iliyovuja. Deo alikuwa amefanya kazi yake.

Tulipigana na ule mto tangu saa tano mpaka karibu saa kumi na moja. Kuna wakati maji yalitufika mapajani, kuna wakati tuliyarudisha mpaka kwenye vifundo. Mikono yangu ilikufa ganzi, kisha ikarudi, kisha ikafa tena. Halafu Mama Feza, ambaye alikuwa anauona mto wote kutoka juu, akaacha kuimba. Tukaogopa. Akasema, "Maji inarudi nyuma."

Yalikuwa yanapungua. Tukatoa ndoo za mwisho, Zakaria akainua ukingo wa turubai, akapiga magoti kwenye matope. Alichukua msumari, akaukwaruza juu ya zege. Akakwaruza mahali pengine. Akaweka kiganja, akakiacha pale, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Iko," akasema. "Iko muzima."

Nililia, siwafichi. Nilikuwa nimelowa mwili mzima, hapana aliyejua.

Jioni ile ile Zakaria akaniita na daftari. "Andika mifuko. Mi-fu-ko. Kumi. Ya sementi. Na sasa unisomee kwa sauti, mbele ya bantu bote." Nikasoma. Watu wakapiga makofi kama nimehubiri. Sementi ilipofika, kabla ya kumwaga tabaka ya pili, Zakaria alitufundisha jambo ambalo nawapa nanyi bure: zege la zamani halishikani na zege jipya kwa mapenzi tu. Tulilikwaruza lote kwa burashi ya chuma mpaka likawa na uso mbaya, tukaliosha, tukalipaka uji mzito wa sementi, na papo hapo tukamwaga jipya juu yake. Nguzo ile ilikuwa moja.

Bwana Metere aliporudi kutoka Walikale alikuta ndoo makumi tatu zimepangwa juani. Akauliza ni za nini. Zakaria akaanza kusema barua ilitoka kwake, na kweli ilitoka kwake. Lakini nilikuwa nimeona alivyopiga magoti kwenye matope, sikuweza kumwacha. Nikasema: ni mimi niliyeandika, na ni mimi niliyebadilisha neno. Nikaeleza yote. Yule Mbelgiji alinitazama, akaitazama nguzo, akatoa rula yake akapima nguzo kana kwamba jibu liko pale. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "Wewe rudisha ndoo. Zote. Kwa mikono yako." Akaongeza kwa Kifaransa neno ambalo sikulijua, na hata leo sijataka kulitafuta.

Basi nikarudisha. Alfonsi alinifikisha Sake, na nilianzia kwa Deo. Alikuwa mezani pake, kalamu sikioni, amekasirika kwa ajili ya miguu yake.

"Nieleze," akasema. "Siku nzima nilitembea. Baketifulu ni nini?"

Nikachukua ndoo moja, nikaijaza mchanga wa uwanjani, nikaupanguza kwa ubao. "Hii njo baketifulu moja." Nikaimwaga, nikaijaza tena. "Hii njo ya pili. Ndoo ni ile ile."

Deo akafikiri. Alikuwa na akili, nimewaambia. "Kwa hiyo nilikusanya ndoo makumi tatu, na mulikuwa na lazima ya ndoo moja tu?"

"Hata hiyo moja, Deo, hatukuwa na lazima nayo. Moja tulikuwa nayo."

Deo aliichungulia ile ndoo. Halafu kicheko kikamtoka puani, akashindwa kukizuia, akaweka kichwa mezani, kalamu ikaanguka. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo, na mtoto wangu wa tatu anaitwa Deo.

Ndoo za Shasha zilinipa harufu ya samaki iliyonifuata wiki nzima. Ndoo ya Kibabi ndiyo iliyonipa shida. Ilikuwa ya mama mmoja mkulima wa maharage, Mama Mapendo, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Iligongwa kwenye ngazi siku ya mafuriko, ikaingia tumbo.

"Hii njo kipimo changu cha soko," akasema. "Sasa inabeba kidogo. Bantu batasema Mama Mapendo amekuwa mwizi."

Nikaomba kipande cha gogo, nikaigonga polepole kutoka ndani, kama Zakaria alivyonifundisha kugonga bati, mpaka tumbo likatoka. Yeye akaleta maharage aliyokuwa ameyapima sawasawa kwa ndoo ya dada yake, akayamimina. Yakaingia yote. Na ndoo haikujaa. Nilikuwa nimeigonga kupita kiasi, ikawa kubwa kuliko zamani kwa konzi mbili nzima.

Akaitazama, akanitazama. "Sasa nitapunguza matabishi," akasema, na akanipa viazi vya kula njiani.

Daraja lilikwisha mwanzoni mwa kiangazi. Siku ya kulijaribu walikuja watu wa pande zote mbili. Alfonsi alijaza kamio mawe mpaka springi zikalala, akalisimamisha mbele ya daraja. Bwana Metere alisimama kando na rula yake. Halafu Zakaria akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kushuka kuelekea mtoni.

"Unaenda wapi, Papa?"

"Kule Uganda, mwenye alijenga anasimama chini yake kamio ya kwanza ikipita. Kama kilalo kiko kibaya, yeye njo wa kwanza kujua. Unabaki?"

Sikubaki. Tulisimama karibu na nguzo ya katikati, maji yakiwa magotini, mbao za daraja juu ya vichwa vyetu. Masoni wengine wakatazamana, wakashuka. Vibarua wakashuka. Mama Feza akasema yeye pia amejenga, akashuka na wenzake wote, vitenge vimekunjwa. Mwisho tulijaa chini ya daraja kama watu waliokimbia mvua, na juu akabaki Alfonsi peke yake na injini yake.

Akachungulia dirishani. "Sasa mie nikianguka, nani atanitoa? Bote muko chini!"

"Njoo tu!" akajibu Mama Feza. "Tutakudaka!"

Honi ikalia, na kamio likaja. Mbao zililia juu yetu moja baada ya nyingine, vumbi likatuangukia machoni. Hapo nikahisi mkono wa Zakaria umeshika mkono wa shati langu, kwa nguvu, kama mtoto sokoni. Nikashtuka. Nikafikiri: kama yeye anaogopa, basi kuna kitu anachokijua juu ya hii nguzo.

"Papa," nikamnong'oneza, "nguzo iko na shida?"

"Nguzo haina shida."

"Sasa unaogopa nini?"

Kamio lilikuwa limefika katikati kabisa, na nguzo haikutikisika hata unywele. Zakaria hakuitazama. Alikuwa anatazama miguuni pake, mahali maji yalipomzunguka magoti.

"Maji," akasema. "Mie sijui kuogelea. Wee ulifikiri ni kwa sababu gani nilijifunza kujenga vilalo?"